Kopi Kumi za CV ya Mtu Mwingine

Juzi nilikuwa stesheneri jirani na chuo. Mbele yangu yupo kijana wa mwaka wa tatu, dada wa dukani anamuuliza, "Kaka, nikuwekee ileile?" Ileile ni CV iliyolala kwenye kompyuta ya duka: unabadilisha jina, chuo na namba ya simu, buku mbili, safari njema. Nikachungulia (ndiyo, umbea). Kwenye wadhamini bado amekaa mwalimu wa sekondari wa mteja aliyetangulia. Nilipomwonyesha, kijana akacheka: "Hizi hazisomwi, bro."

Mwakani huyuhuyu atatuambia ajira ni koneksheni. Haya, koneksheni zipo, nisiwe mnafiki. Nimeona watu wakipita mlango nilioambiwa umefungwa. Lakini mjomba naye akikuomba CV, utamtumia hiyo?

Kinachoniuma zaidi ni fildi, yale mafunzo ya vitendo ya chuo. Wiki nane ndani ya ofisi ya kweli, na mtu anazitumia kusaka muhuri. Nasema kwa uchungu kwa sababu nilifanya hivyohivyo. Nilisoma uhasibu, nikapangiwa ofisi moja, na kufika siku ya tatu nilishajua kusaini asubuhi na kuyeyuka saa nne. Logbuku niliijaza usiku mmoja kwa kalamu tatu tofauti, ili ionekane nimeandika siku kwa siku. Msimamizi akagonga muhuri bila hata kufungua. Mjanja kweli!

Miaka miwili baadaye, kwenye usaili, mama mmoja mpole akaniuliza: "Huko fildi, usuluhishi wa benki mlikuwa mnaufanyaje?" Yaani kulinganisha vitabu vya ofisi na taarifa ya benki. Nikasema nilijifunza mambo mengi. "Kama yapi, mwanangu?" Nilibaki nasikiliza feni.

Mwenzangu tuliyepangiwa naye alikuwa anabaki mpaka jioni akipanga vocha za malipo, sisi tukimwita kibarua. Ulipokaribia Juni 30, ofisi inahangaika kufunga mwaka wa fedha, wakampigia yeye simu. Mkataba wa miezi mitatu, kisha mwingine. Hakuwa na mjomba pale. Walimjua kwa vocha. Sasa hiyo si koneksheni? Ameitengeneza kwa mikono yake, bila nauli ya kwenda kumsalimia mtu Dodoma.

Ajira Portal nayo, mfumo wa kuombea kazi za serikali mtandaoni, msisubiri tangazo. Fungua akaunti ungali chuoni, namba ya kitambulisho cha NIDA iwe mkononi, na jina la cheti cha kuzaliwa lifanane na la cheti cha form four. Kuhangaikia herufi moja siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, simwombei adui. Na bumu mnalolila sasa hivi, Bodi ya Mikopo wana asilimia 15 yao kwenye mshahara ambao bado hujaupata. Wao wamejiandaa.

Kijana nilimwambia nusu ya haya. Akaitikia "sawa, kaka" huku macho yakiwa kwenye simu.

"Kopi ngapi?" dada akauliza.

"Kumi."

Mashine ikaanza kunguruma, na mwalimu wa watu akatoka mara kumi.