Nyuzi 8 Si Viini 8

Fungua matangazo yoyote ya kompyuta za ex-UK hapa Nairobi, au simama dakika kumi Luthuli Avenue, utaambiwa kwamba i7, prosesa ya Intel, yenye nyuzi 8 (threads, foleni za kazi) ni sawa na prosesa ya viini 8 (cores, sehemu zinazoifanya kazi yenyewe). Maneno hayo yananiudhi. Kijana anaongeza maelfu ya shilingi akiamini amepata nguvu maradufu ya kuchezea gemu, na hajaipata.

Chukua i7-4770, ile inayojaa kwenye HP EliteDesk 800 G1 na Dell OptiPlex 9020. Ina viini 4, basi. Hyper-Threading, teknolojia ya Intel inayoipa nyuzi 8, haizai kiini cha tano. Inakiruhusu kiini kimoja kushika kazi mbili, ili moja ikisubiri data kutoka kwenye RAM, nyingine itumie sehemu zilizokaa bure. Ni mpishi wa kibandani mwenye sufuria mbili: maji ya ugali yakingoja kuchemka, anakaanga sukuma. Ugali ukishafika kusongwa na sukuma inataka kugeuzwa, mikono ni ileile miwili. Intel ilipoileta kwenye Xeon mwaka 2002, yenyewe ilidai ongezeko la hadi asilimia 30, tena kwa programu za seva. Gemu nyingi hubebwa na uzi mmoja mkuu, nao hutaka kiini chenye kasi.

Ni kweli viini vikiwa 2, nyuzi za ziada huokoa. Far Cry 4 ilipotoka mwaka 2014 ilikataa kufunguka kwenye prosesa za viini 2 na nyuzi 2, na Pentium G4560 ya 2017 ilipendwa kwa sababu ilitoa nyuzi 4 kwa bei ya chini. Hata kwenye viini 4, nakubali shingo upande: Battlefield V yenye wachezaji wengi hukifikisha kila kiini cha i5-4570, yenye viini 4 na nyuzi 4 tu, kwenye asilimia 100, na picha ikaanza kukwama-kwama. Nyuzi 8 hutuliza mkwamo huo. Wastani wa fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, unaweza kupanda kidogo tu. Faida hasa iko kwenye zile fremu mbovu kabisa, asilimia 1 ya chini. Hiyo ndiyo namba ya kuangalia.

Lakini kulinganisha i5-4570 na i7-4770 kisha kuipa Hyper-Threading sifa zote si kupima. i7 hiyo hufika 3.9 GHz, i5 huishia 3.6, na kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ni MB 8 kwa 6. Umepima vitu vitatu kwa mpigo. Tumia i7 ileile moja: mashine inapowaka ingia BIOS, mipangilio yake ya ndani (F10 kwenye HP, F2 kwenye Dell), zima Hyper-Threading, cheza kipande kilekile mara tatu, iwashe, rudia. Rekodi muda wa fremu kwa programu ya CapFrameX. Shusha picha hadi 720p kwanza, maana kadi ya grafiki ikiwa asilimia 99 unaipima kadi, prosesa haimo.

Kwenye viini 6 au 8, tofauti huwa ndogo, na mara nyingine gemu hupoteza fremu chache kwa kuwa nyuzi mbili hugawana kashe ya kiini kimoja. Iache imewashwa tu. Intel iliiondoa kabisa Hyper-Threading kwenye Core Ultra 200S za mezani mwaka 2024.

Pesa hiyo ya ziada ina kazi bora. Mashine nyingi za mtumba huja na kijiti kimoja cha RAM. Weka viwili vinavyofanana, kila kimoja kwenye chaneli yake, na DDR3-1600 itatoka GB 12.8 kwa sekunde hadi 25.6. Anayetegemea grafiki za ndani ya prosesa ataona tofauti siku hiyohiyo. Badilisha pesti ya prosesa, maana iliyokauka, pamoja na vumbi la mjini, huifikisha i7 karibu digrii 100, ikajipunguzia kasi yenyewe. Kisha kadi ya grafiki: kwa kasha dogo la SFF, tafuta GTX 1650 ya kimo kifupi (low profile) isiyohitaji waya wa umeme, kwa sababu pawasaplai ya EliteDesk hiyo ni wati 240 pekee.

Na kabla ya kulipa, mwambie muuzaji awashe mashine, bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, ingia Performance, fungua sehemu ya CPU na msome pamoja mstari wa Cores.