Asilimia 5 au 67? Wakenya wasio na kazi ni wangapi

Nchini Kenya kuna takwimu mbili za ukosefu wa ajira zinazotajwa kila mara, na zimeachana mno hata msikilizaji hudhani kuna anayedanganya. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, liliripoti asilimia 4.9 katika robo ya mwisho ya 2022. Shirikisho la Waajiri, FKE, nalo husema asilimia 67 ya vijana wa kati ya miaka 15 na 34 hawana ajira.

KNBS haidanganyi. Inafuata kipimo cha Shirika la Kazi Duniani: aliyefanya kazi ya malipo au faida hata kwa saa moja katika siku saba zilizopita, ana kazi. Kuhesabiwa kuwa huna kazi, sharti uwe umekosa hata hiyo saa moja, uwe umetafuta kazi katika majuma manne yaliyopita, na uwe tayari kuianza. Kipimo hiki kina manufaa. Nchi zinaweza kulinganishwa, na mshtuko wa ghafla huonekana: corona ilipoingia 2020, kiwango kilipanda kutoka asilimia 5.2 katika robo ya kwanza hadi 10.4 katika robo ya pili.

Tatizo ni kwamba Kenya haina fidia ya kumtunza aliyepoteza kazi. Asipofanya chochote, hana chakula. Basi kijana mwenye shahada huuza mitumba siku mbili katika soko la Gikomba jijini Nairobi, siku ya tatu yuko mjengoni anabeba mawe, na kwenye dodoso ameajiriwa. Mwenzake aliyechoka kutafuta, akarudi kijijini, naye hahesabiwi miongoni mwa wasio na kazi, kwa kuwa hatafuti tena. Afrika Kusini, ambako pato la kila mkazi ni kubwa kuliko letu, kiwango hupita asilimia 30. Sababu mojawapo ni kwamba sekta yao isiyo rasmi ni ndogo, na anayekosa kuajiriwa mara nyingi hana pa kujishikiza. Kiwango cha chini, kwa hiyo, si lazima kiwe habari njema.

Ile 67 inakaribia zaidi hali tunayoiona mitaani, ndiyo maana hupendwa mikutanoni. Lakini mara nyingi hutajwa bila kuelezwa nani aliyehesabiwa. Katika umri wa miaka 15 hadi 34 wamo wanafunzi wa sekondari, wa vyuo, na akina mama wanaolea watoto wachanga. Ukiwachanganya hawa na anayezunguka na bahasha ya vyeti, humsaidii yeyote kati yao.

Mimi naona swali zito zaidi ni la kipato. Kwa takwimu za KNBS, nafasi mpya za kazi mwaka 2024 zilikuwa 782,300, na asilimia 90 zilikuwa katika sekta isiyo rasmi. Kati ya wafanyakazi milioni 20.8, milioni 17.4 wako jua kali, yaani sekta hiyo isiyo rasmi, na hesabu hiyo haigusi wakulima wadogo wala wafugaji. Wastani wa mshahara unaotangazwa kila mwaka ni wa sekta rasmi, yaani takriban mmoja kati ya kila wafanyakazi sita. Hata huyo mmoja hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ushuru wa nyumba na 2.75 kwa bima ya afya kabla hajalipa kodi ya pango. Mama mboga na mwendesha bodaboda hawamo kabisa katika wastani huo, ilhali ndio wanaotajwa serikali inapojisifu kuzalisha ajira.

Wanaotetea takwimu za sasa husema kipato cha jua kali ni kigumu kupima: hakina stakabadhi, hubadilika kila siku, na watu huogopa watoza ushuru. Ni kweli. Hata hivyo dodoso la KNBS tayari huuliza mtu amefanya kazi saa ngapi na kama angetaka zaidi. Majibu hayo yawekwe ukurasa wa kwanza wa ripoti, kando ya kiwango cha ukosefu wa ajira, na waziri anayetangaza nafasi mpya aulizwe ni ngapi zinazompa mtu kazi ya wiki nzima.