Kamera ya joto na cheti cha fundi

Kiwanda kikitaka umeme wake ukaguliwe kwa kamera ya joto, ile inayosoma joto la kitu kwa mionzi yake, mara nyingi swali la kwanza ni: fundi ana cheti? Mafundi ninaofanya nao kazi hapa Kisumu hulichukia swali hilo. Nawaelewa, ila sikubaliani nao kabisa.

Malalamiko yao yana uzito. Mtu amefungua paneli za umeme miaka 15, anainusa tu na kujua nati iliyolegea iko wapi, halafu anaambiwa alipie kozi ndipo aaminiwe kutumia kamera ambayo siku hizi hata kwenye simu huchomekwa.

Lakini nimeona kamera ikimdanganya fundi mzuri. Katika kiwanda kimoja aliielekeza kwenye pau ya shaba inayong'aa, ikasoma nyuzi 38, akaandika "salama". Umeme ulizimwa, tukabandika kipande cha tepu nyeusi juu ya pau ileile, ukawashwa, mzigo (umeme ambao mitambo huvuta) ukarudi. Saa moja baadaye tepu ilisoma 74. Tofauti na tepu hiyo, shaba ing'aayo hutoa mionzi kidogo mno ya joto lake. Kamera ilikuwa ikiona zaidi joto la chumba, na la fundi mwenyewe, likiakisiwa kama kwenye kioo. Mtego mwingine ni mzigo. Joto linalozalishwa kwenye kiungo kilicholegea hufuata mraba wa mkondo wa umeme, hivyo mkondo ukiwa nusu, joto hilo ni robo tu. Kagua kiwanda cha sukari wakati mitambo inazunguka bila miwa, utaona kila kitu shwari. Hapo pua haisaidii.

Kinachonikera ni namna vyeti vinavyosomwa. Kwa SNT-TC-1A, mwongozo wa Marekani wa kuthibitisha mafundi wa ukaguzi, mwajiri ndiye anayemthibitisha fundi. Akiacha kazi, uthibitisho haumfuati. Kwa anayehama kutoka kiwanda cha sukari cha Chemelil kwenda cha Muhoroni, hiyo ni hasara tupu. Cheti cha ISO 18436-7, kiwango cha kimataifa cha mafundi wa kamera ya joto, hutoka kwa chombo cha nje, akahama nacho. Kina madaraja matatu; kati yake, fundi wa daraja la kwanza hupima kwa kufuata utaratibu aliowekewa, wa la pili huchagua njia na kufasiri matokeo. Wenye viwanda humtuma wa daraja la kwanza peke yake, kisha wanataka atie sahihi ripoti nzima!

Ningekuwa mimi mwenye kiwanda, ningedai cheti, kisha ningemsimamisha fundi mbele ya paneli yenye shaba inayong'aa, nisiseme neno. Akiomba umeme uzimwe abandike tepu kabla ya kunitajia nyuzi zozote, kazi ni yake.