Yule Mtoto wa Safu ya Nyuma

Kuna agizo ambalo wengi wetu tuliopitia kwaya za shule hapa Kisumu na Kakamega tumelisikia: "Wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti." Huambiwa mtoto wa safu ya nyuma, tamasha la muziki likikaribia.

Simlaumu mwalimu haraka. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Akiwa na wanafunzi 60 na akitaka kumsikiliza kila mmoja, ni sekunde 40 kwa mtoto, na wimbo wenyewe bado haujaguswa. Waamuzi nao husikiliza kwaya nzima. Sauti moja iliyopotoka huwaponza wote. Tena wapo walioupenda muziki siku ile walipopanda jukwaani wakiwa wamenolewa barabara.

Lakini hili la kusema mtoto "hana sikio" linanisumbua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopima watu zaidi ya 20,000, ulikuta kwamba waliozaliwa bila uwezo wa kutambua tuni ni kama asilimia 1.5. Katika darasa la watu 60, hafiki hata mmoja. Sasa wahesabu walionyamazishwa katika kwaya uliyoimba wewe. Watatu? Watano? Hao wengine walikuwa na kasoro gani? Pengine wimbo ulianzwa juu mno. Pengine sauti ya mvulana ilikuwa inavunjika kwa kubalehe, au msichana alikuwa anavuta pumzi kwa mabega badala ya tumbo. Mengi ya hayo huonekana kwa macho, ila si kwa mwalimu aliyeinamia kinanda.

Wazee wa Isukha na Idakho, jamii za Waluhya wa Kakamega, hawakufundisha hivyo. Katika isukuti, dansi yao ya jadi ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, mwimbishaji huenda pamoja na ngoma tatu na miguu ya wachezaji. Lazima awatazame.

Basi wimbo ukishashikwa, mwalimu aache kinanda kwa ubeti mmoja tu, aende nyuma, aimbe karibu na yule mtoto, amfuate pale sauti yake inapofika. Sekunde 40 zinatosha. Akiona mtoto anakaba koo, na wimbo ni wa kienyeji usio na ufunguo (kimo cha sauti) uliowekwa, aushushe kwa kwaya nzima.