J.R. Richard: Aliyesema mkono unauma, akaitwa mvivu

Kila inapoandikwa orodha ya wanamichezo walioshika mamilioni wakaishia mtaani, jina la J.R. Richard halikosi. Mwaka 1994 mrushaji huyo wa zamani wa Houston Astros, timu ya besiboli ya Marekani, alikuwa hana makazi, analala chini ya daraja la barabara kuu katika mji uleule uliokuwa ukimshangilia. Simulizi inayopendwa ni fupi: alipata, akatapanya, akaanguka. Nadhani inaanzia mahali pasipo pake. Anayetaka kuelewa daraja lile arudi kwanza Julai 1980.

Rekodi zake wapenzi wa besiboli wanazijua. Kijana wa Louisiana mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, aliyechaguliwa wa pili nchini katika usajili wa wachezaji chipukizi wa mwaka 1969. Katika mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, Septemba 1971, aliwatoa wapigaji wa San Francisco Giants mara 15 kwa straikauti, yaani mpigaji anaposhindwa mara tatu na kutolewa. Mwaka 1976 alishinda mechi 20. Mwaka 1978 alifikisha straikauti 303, na mwaka uliofuata 313. Wapigaji waliomwogopa hawakuona aibu kusema hivyo.

Msimu wa 1980 ulipoanza alikuwa na miaka 30, na Astros walikuwa wamemsajili mrushaji mwingine, Nolan Ryan, kwa mshahara wa dola milioni moja kwa mwaka, kiwango ambacho mchezo huo haukuwa umekiona. Ndipo Richard alipoanza kulalamika kwamba mkono wake wa kulia unachoka upesi na vidole vinakufa ganzi. Magazeti ya Houston yakajaa maelezo mengine: anamwonea Ryan wivu, amekuwa mvivu, labda anatumia dawa za kulevya. Waliomtetea walikuwa wachache.

Silaha kubwa ya waliomshuku ilikuwa takwimu moja: 1.90. Huo ndio wastani wa mikimbio, yaani pointi, aliyoruhusu kwa kila inningi tisa, ambavyo ni vipindi vya mechi nzima, msimu huo. Ukiwa mdogo ndio bora, na ulikuwa bora kuliko wa msimu wowote kamili aliowahi kucheza. Alishinda mechi 10, akapoteza nne. Tarehe 8 Julai alianza kama mrushaji wa Ligi ya Taifa katika mechi ya nyota wa ligi mjini Los Angeles. Watu wakauliza, mgonjwa gani huyu?

Takwimu hiyo imenikaa kichwani kwa muda mrefu, kwa sababu majibu yalikuwa kwenye ukurasa uleule wa hesabu. Mwaka 1979 Richard alianza mechi 38 na kuzimaliza mwenyewe 19, bila mrushaji wa kumpokea, nusu kamili. Mwaka 1980 alianza 17, akamaliza nne tu. Mwaka 1979 kila alipoanza alirusha kwa wastani inningi saba na theluthi mbili. Mwaka 1980 zikashuka hadi sita na theluthi mbili. Inningi nzima ilikuwa imepotea katika kila mechi, kwa mtu ambaye misimu minne iliyotangulia alirusha zaidi ya inningi 1,100. Mkono ulipokuwa na nguvu ulirusha vizuri kama zamani, kisha ukazimika. Hivyo ndivyo alivyokuwa akieleza kwa maneno yake, na hesabu zilimuunga mkono. Ila waliozisoma walisoma ile namba moja iliyowafaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tarehe 14 Julai, dhidi ya Atlanta Braves, alitoka katika inningi ya nne. Alikuwa anashindwa kuona vizuri ishara za mdakaji wake.

Hapa lazima upande wa pili usikilizwe, maana una hoja za kweli. Klabu haikumfungia mlango. Ilimweka kwenye orodha ya majeruhi na mwishoni mwa Julai akalazwa katika hospitali ya Methodist jijini Houston, ambako mishipa yake ilipigwa picha. Wataalamu walikuta ateri ya mkono wa kulia imeziba, wakaamua kwamba upasuaji hauhitajiki kwa wakati ule. Unaweza kuulaumu uamuzi huo, lakini ulikuwa wa madaktari, na uongozi wa timu ungepata wapi ujuzi wa kuupinga? Vilevile Astros walikuwa wanawania ubingwa wa kanda na Dodgers. Hakuna mtu klabuni aliyefaidika kwa kumpoteza mrushaji bora kuliko wote. Tena tatizo lenyewe, kubanwa kwa mshipa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, halikuwa linajulikana michezoni kama sasa. Warushaji wa miaka ya karibuni, Matt Harvey na Stephen Strasburg, walipokutwa nalo walifanyiwa upasuaji na hakuna aliyewaita wavivu.

Nazikubali hoja hizo zote, na bado hazinitoshi. Mtu ambaye shinikizo la damu katika mkono mmoja ni la kawaida na katika mwingine karibu halipimiki, hana kazi ya kufanya mazoezini. Tarehe 30 Julai Richard alikuwa ndani ya Astrodome, uwanja wa Astros, akirushiana mpira ili kujipima, akaanguka. Kiharusi. Usiku ule madaktari waliondoa bonge la damu shingoni, na upande wake wa kushoto ukabaki umepooza. Kutojulikana kwa ugonjwa kunaweza kueleza kwa nini daktari alikosea. Hakuelezi kwa nini mgonjwa aliyesema anaumwa alihukumiwa tabia yake kabla ya kupimwa mwili wake. Na siwezi kuliacha suala la rangi pembeni. Huyu alikuwa mtu mweusi aliyekulia Louisiana ya ubaguzi wa kisheria, na neno mvivu kwa watu weusi wa Kusini mwa Marekani lina historia ndefu na chafu. Sidai kwamba kila mwandishi aliyelitumia alikuwa mbaguzi. Nasema liliwajia kirahisi mno.

Alijaribu kurudi kupitia timu za chini, macho na miguu vikakataa. Astros wakamwachia mwaka 1984 akiwa na ushindi 107 na straikauti 1,493. Aliwashtaki madaktari, kesi ikaishia kwa malipo ya dola milioni 1.2.

Wanaomlaumu hushikilia fedha hizo, na hawasemi uongo. Zaidi ya dola 300,000 zilipotea katika biashara ya mafuta iliyokuwa ulaghai. Talaka ikachukua dola 669,000. Nyumba ikaenda. Mikataba ile aliisaini mwenyewe, na wapo waliopata kiharusi, wakapata kidogo kuliko yeye, lakini hawakulala nje. Ila tazama mwanya uliokuwepo. Pensheni ya mchezo ilianza kupatikana mtu akifikisha miaka 45, na Richard aliutimiza umri huo Machi 1995. Kati ya mwaka 1984 na siku hiyo alikuwa mtu mwenye ubongo ulioumia, asiye na kazi nyingine aliyowahi kuifanya, aliyeachwa aendeshe mali peke yake. Kesi iliupa mwili wake bei. Uwezo wake wa kuamua baada ya kiharusi kile haukupata mwangalizi. Kanisa la mjini Houston ndilo lililompokea, na baadaye akawa mhubiri na kuwasaidia wasio na makazi.

Mwaka 2019 Astros walimtaja katika kundi la kwanza la ukumbi wao wa heshima, miaka 39 baada ya siku ile ya Astrodome. Mwaka huohuo Gerrit Cole aliivunja rekodi yake ya klabu ya straikauti 313 katika msimu mmoja, iliyodumu miaka 40. Richard alifariki tarehe 4 Agosti 2021 akiwa na miaka 71, na hadi siku hiyo jezi yake namba 50 haikuwa imestaafishwa, yaani kuwekwa kando kwa heshima asiivae mchezaji mwingine. Klabu hiyohiyo ilistaafisha namba 32 ya Jim Umbricht, aliyefariki kwa saratani akiwa na miaka 33, na namba 40 ya Don Wilson, aliyefariki akiwa na miaka 29. Ilifanya vyema. Kwa Umbricht hasa, takwimu za uwanjani hazikuwa sababu, msiba ulitosha. Richard anazo takwimu na anao msiba, na msiba wake ulitokea uwanjani mwao, baada ya wiki kadhaa za kuwaambia kwamba mkono una tatizo. Namba 50 wanapaswa kuistaafisha.