Yai la miaka 24, lawama za miaka 43

Jumamosi tulikuwa Kihesa, arobaini ya babu. Wanawake tuko nyuma ya nyumba tunamenya viazi, mara shangazi akaanza: "Mwanetu kauza shamba la mipaini kule Mufindi, hela yote imeishia kwa madaktari. Mayai ya huyu yalishazeeka, wanapandikiza nini hapo?" Wifi yangu hakuinua kichwa. Aliendelea kumenya, maganda yanazidi kuwa manene, kiazi kikabaki kama gololi.

Angejibu nini? Mayai hayakuwa yake. Yalitolewa na binti wa miaka 24, yakagandishwa, na hiyo ni siri ya watu watatu. (Ameniruhusu kuandika. Nimebadilisha hili na lile. Shangazi mwenyewe akisoma atasema ni habari za majirani.)

Kwenye mayai ya kupewa, umri unaohesabiwa kwanza ni wa aliyeyatoa. Wifi ana 43, yai lina 24. Kizazi nacho kina yake: ukuta usipofika unene wa milimita 7 hivi, au kukiwa na uvimbe ndani, shughuli inakuwa ngumu. Na sawa shangazi, moja nakupa: mimba ya ukubwani inaweza kuja na presha. Hiyo ni habari ya kuibeba, lakini. Na mimba yenyewe haikuingia.

Halafu kuna kugandisha. Laza nyanya ya Ilula kwenye friza, asubuhi iache iyeyuke: uji mtupu. Barafu imeichana kwa ndani. Yai limejaa maji vilevile, ndiyo maana siku hizi linazamishwa kwa kasi kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, maji yagande kama kioo kabla chembe za barafu hazijajiunda. Hapo ni mkono wa fundi wa maabara. Yao yalikuwa manane, yakapona sita. Si haba.

Sasa twende kusikotajwa: kaka yangu. Ganda la yai lililogandishwa hukakamaa, hivyo mbegu ya kiume huingizwa kwa sindano. Watu wakisikia sindano wanadhani mwanaume kamaliza mtihani. Wapi! Mbegu ndiyo nusu ya mtoto. Yai changa hurekebisha baadhi ya kasoro za mbegu, si zote, na sigara huharibu vinasaba vilivyomo humo. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa, ndiyo maana daktari alimwambia aache mapema. Mapema! Mayai sita, yakatunga manne, siku ya 5 kikabaki kiinitete kimoja, yaani chanzo cha mtoto, nacho legelege. Siapi kwamba ni sigara. Ila mbona ukoo mzima umeshajua ni nani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza majibu ya mbegu za mwanetu?

Shangazi bado anahubiri, kaka akatokea na sigara mdomoni, anatafuta kiberiti. "Pole baba, umechoka," shangazi akamwambia, akachomoa kijinga cha moto chini ya sufuria, akamshikia awashe.