Mbwa wa asiyeona asizuiwe getini

"Wanyama hawaruhusiwi." Kanuni za hosteli za vyuo vyetu vingi zinaishia hapo, na mstari huo unaniudhi kila nikiuona. Mwanafunzi asiyeona anayeongozwa na mbwa afanyeje? Hakuna neno. Uamuzi anaachiwa mlinzi wa getini, ambaye ameambiwa kuzuia tu.

Ni kweli mbwa hawa ni wachache mno hapa Tanzania, wasioona wengi wanatumia fimbo nyeupe. Lakini chuo cha udaktari cha KCMC kule Moshi na taasisi ya sayansi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, wanapokea wanafunzi kutoka nje, na mmoja anaweza kuja na mbwa wake, na sisi wenyewe tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010. Kungoja mbwa wa kwanza afike ndipo kikao kiitwe ni kumwonea mwanafunzi.

Marekani mfanyakazi anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu: mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefundishwa kazi gani? Hadai cheti cha mafunzo, wala haombi mbwa aoneshe kazi yake. Mbwa akileta fujo na mwenyewe asimdhibiti, anatolewa. Hapa kwetu kichaa cha mbwa bado kipo, kwa hiyo niongeze cheti cha chanjo kutoka kwa daktari wa mifugo, cha ndani ya miezi 12. Kama ni chanjo ya kwanza, iwe imeshapita wiki 4.

Sasa hatari yenyewe. Haitoki kwa mbwa huyu, inatoka kwa mbwa koko wanaolala nyuma ya jiko la chuo. Mbwa mwongozaji hufundishwa kutojibu mbwa wengine. Akizungukwa na koko watatu hapiganii njia, na mwenyewe, aliyeshika mpini wa mkanda wa mbwa ubavuni mwake, hajui wanatokea upande gani. Shambulio moja linaweza kumfanya mbwa aogope njia ile kabisa, akafikia hata kuacha kazi, wakati malezi na mafunzo yake yamechukua kama miaka miwili. Kwa hiyo chuo kianze na jalala: mapipa yawe na mifuniko, makombo yaondolewe kila jioni kabla ya giza, tundu la uzio lizibwe. Kimwite afisa mifugo wa kata achanje mbwa wa jirani. Walinzi wasiwafukuze koko kwa mawe karibu na mwanafunzi huyo, wasimame katikati. Na akiumwa mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Darasani mpe kiti cha mwisho wa safu, mbwa alale chini ya meza. Asiitwe, asipapaswe, asitupiwe kipande cha chapati: akizoea makombo ataacha kuangalia njia. Haja afanyie sehemu moja ya majani iliyotengwa, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, pawekwe koleo dogo na ndoo yenye mfuniko.

Wanaolalamika kuhusu mate ya mbwa wasikilizwe. Waislamu wetu wengi ni wa madhehebu ya Shafi, na najisi hiyo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wenzake wa chumba waulizwe kabla ya vyumba kugawiwa, si usiku wa kufungua chuo. Mwenye pumu vivyo hivyo.

Jikoni na chumba cha upasuaji mbwa azuiwe, nakubali. Ila chuo kitaje nani atamwongoza mwanafunzi humo ndani, na mbwa atangoja wapi penye kivuli na maji.

Kwa leo inatosha karatasi moja ndani ya kibanda cha mlinzi, yenye maswali yale mawili na namba ya simu ya mshauri wa wanafunzi.